Diwani ni nani, na neno lake lina uzito gani?

Mvua za masika zikikata barabara ya mtaani, jina la kwanza kutajwa ni la diwani. Bomba likikauka, diwani. Zahanati ikiishiwa dawa, watoto wakikaa chini darasani, dampo likifurika, ni diwani yuleyule. Naye akisimama mkutanoni hujibu kwa maneno ambayo kila mtu anayajua: "Nimelipokea, nitalifikisha." Watu huguna. Wengi hulichukulia jibu hilo kuwa la kukwepa, na mara nyingine kweli ni la kukwepa. Lakini ndani ya neno hilo "kulifikisha" ndimo ilimo karibu kazi yote ya diwani, na mwananchi asiyejua linafikishwa wapi, lini na kwa karatasi gani hawezi kumbana mtu wake.

Tuanze na maana. Diwani ni mwakilishi wa kata katika baraza la halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184, za wilaya, miji, manispaa na majiji, na kila moja ina baraza lake la madiwani. Diwani wa kata huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, siku moja na Rais na mbunge. Anatakiwa awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na asimamishwe na chama cha siasa, kwa kuwa sheria yetu haina mgombea binafsi. Pamoja nao wamo madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza hilo. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa si diwani. Uchaguzi wake hufanyika mwaka mmoja kabla, kama ule wa Novemba 2024, na madaraka yake hayavuki mpaka wa kijiji au mtaa wake.

Neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko serikali zote tulizonazo. Limetoka Uajemi likapitia Uarabuni, na kwenye pwani ya Mrima, kabla ya Wajerumani, madiwani walikuwa wakuu wa miji, watu wa kuketi barazani na kuamua mashauri. Tukisema diwani ya mashairi tunatumia neno hilohilo, kwa maana ya mkusanyiko. Napenda kukumbuka maana zote mbili: mtu wa kuketi barazani, na mahali ambapo maneno ya wengi hukusanywa yakaandikwa.

Kwamba tunao madiwani si jambo la kulichukulia kuwa lilikuwepo siku zote. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na shughuli zake zikawekwa chini ya maofisa wa mikoa na wilaya, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanateremka. Kilichoteremka hasa ni maofisa wa serikali kuu, na aliyechaguliwa na watu akaondoka. Usafi wa miji ukadorora, huduma zikazorota, kipindupindu kikaingia, na kufikia mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Za wilaya zikafuata kwa sheria za mwaka 1982, ambazo ndizo Sura ya 287 na ya 288 tunazozitumia hadi leo. Katiba nayo, kwenye ibara ya 145 na ya 146, inatamka kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua sentensi hiyo iliandikwa baada ya kuonja hali ya kukosa.

Sasa twende kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko yote. Diwani hasaini hundi. Hana gari la kubeba kifusi, hana mkandarasi, hana fungu la kata analoweza kulifungua. Fedha za halmashauri ziko chini ya mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza na ndiye anayejibu kwa mkaguzi. Chini yake wapo wakuu wa idara, na kule kwenye kata yupo mtendaji, mwajiriwa. Diwani si mwajiriwa wa halmashauri, hulipwa posho. Kazi yake ni kuamua pamoja na wenzake fedha ziende wapi, kutunga sheria ndogo, na kusimamia kama yaliyoamuliwa yametendeka. Peke yake ana kura moja.

Kura moja ni ndogo, lakini si kitu cha kudharau kama imeandaliwa. Hapa ndipo inabidi nieleze njia yenyewe, maana huku ndiko mambo ya kata hufia.

Jambo huanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au mkutano wa mtaa. Mkutano wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Likikubaliwa pale, huandikwa kwenye muhtasari na kupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita KAMAKA. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe. Kamati hii ndiyo inayopanga vipaumbele: kama vijiji vinne vinataka zahanati na uwezo ni wa moja, hapa ndipo pa kubishana mpaka mwafaka upatikane. Ni kikao kisicho na kamera wala shangwe, na kwa maoni yangu ndicho kikao muhimu kuliko vyote anavyoviendesha diwani.

Kutoka hapo mambo huingia kwenye taarifa ya kata. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na katika halmashauri nyingi siku ya kwanza hutengwa kwa taarifa hizo, diwani mmoja baada ya mwingine akisimama kusoma hali ya kata yake: madarasa, dawa, maji, barabara, ulinzi, mazao. Siku inayofuata hujadiliwa taarifa za kamati za kudumu, kama ile ya fedha, uongozi na mipango, ya elimu, afya na maji, na ya uchumi, ujenzi na mazingira. Madiwani hugawanywa kwenye kamati hizo, na huko ndiko kabrasha hufunguliwa ukurasa kwa ukurasa na mkuu wa idara kuulizwa kwa nini mradi umesimama. Jambo lililopita kwenye kamati hufika barazani likiwa na nguvu. Jambo linaloibuliwa barazani bila kupita kokote hupokelewa kwa adabu na kuishia hapo.

Halafu kuna suala la majira. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabaraza hupitisha bajeti zao mapema, kati ya Januari na Februari, ili zifike mkoani, kisha TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, kisha bungeni. Maana yake ni kwamba vijiji na mitaa vinapaswa kuwa vimekaa na kuandika mahitaji yao kabla ya Desemba kwisha. Mwananchi anayekuja na ombi zuri mwezi wa Mei amekuja wakati sahani zimeshagawanywa. Diwani anayeijua kalenda hii huitisha mikutano Oktoba. Asiyeijua huitisha mikutano pale watu wanapokasirika.

Nimekaa kwenye kamati ya shule kwa muda wa kutosha kuona tofauti hiyo kwa macho. Tulikuwa na boma la madarasa mawili. Wazazi walitoa mchanga, mawe na nguvu kazi, tukalifikisha kwenye lenta, na utaratibu ulioeleweka ni kwamba serikali ingepaua na kumalizia. Likakaa likinyeshewa misimu mitatu. Diwani wa wakati huo alilisemea kila alipopanda jukwaani, kwa uchungu wa kweli. Sikuwahi kumwona akilipuuza. Alipokuja mtendaji mpya akaomba mihtasari yote ya KAMAKA ya miaka ile, akaisoma. Boma letu halikuwamo, hata mstari mmoja. Yaani lilisemwa kila mahali isipokuwa mahali ambapo lingesikika.

Kwa hiyo maoni ya diwani na hoja ya diwani ni vitu viwili. Maoni ni yale anayoyasema msibani, redioni, kwenye uzinduzi wa mashindano ya mpira: kwamba barabara ni mbovu, kwamba vijana hawana kazi, kwamba ada za soko zinaumiza. Yanaweza kuwa ya kweli tupu, na watu wakayapigia makofi. Hoja ni pale jambo hilohilo linapoandikwa, likawekewa vipimo, gharama na idadi ya wanaoathirika, likaingia kwenye muhtasari na kupewa namba ya agenda. Mkurugenzi hawajibiki kwa hotuba. Anawajibika kwa azimio la baraza, na kikao kinachofuata huanza kwa kuuliza utekelezaji wa maazimio ya kikao kilichopita.

Ni haki pia kusema yasiyo mikononi mwake, kwa sababu mamlaka ya diwani yamepungua katika maeneo yaleyale tunayomlaumu zaidi. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019, yako chini ya RUWASA. Umeme ni TANESCO. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kizuri cha mapato kwa miji, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na tangu mwaka 2021 tunailipa tunaponunua umeme wa LUKU. Meneja wa wakala akija barazani huja kueleza, lakini baraza halimwajiri wala halimfukuzi. Serikali ilikuwa na sababu zake, kwamba wataalamu wakiwekwa pamoja kazi huwa bora, na zipo barabara zilizotengenezeka vizuri zaidi. Hata hivyo mimi naona tulipoteza kitu: mtu anayemchagua diwani kwa ajili ya barabara anamchagua kwa ajili ya jambo ambalo diwani anaweza kuliomba tu.

Kilichobaki mikononi mwa baraza si kidogo. Yapo mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, leseni, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni. Sehemu ya fedha hizo lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, na baraza ndilo linalosema ni miradi ipi. Ipo asilimia 10 ya mapato hayo ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambayo sheria iliiweka bayana mwaka 2018: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kukopeshwa vikundi visivyorejesha, vingine hewa, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Katika kata ndogo watu wanajuana. Diwani na mtendaji wanajua ni kikundi gani cha kina mama kinafuga kuku kweli na kipi kimeandikwa majina juzi. Hapo hakuna wakala wa kusingiziwa.

Zipo pia hoja za ukaguzi. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hurudi kwenye halmashauri, na baraza hukaa kikao maalumu kuzipitia. Ni siku nzuri ya kumpima diwani. Na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria mikutano ya baraza kama wasikilizaji, jambo ambalo wengi hawalijui, au wanalijua lakini wanahisi ukumbi ule si wao.

Msomaji wa Kenya atauliza mbona kwao hakuna diwani tena. Walikuwepo, hadi mabaraza ya zamani yalipoondolewa kufuatia Katiba ya 2010. Tangu 2013 kata zao ni wadi, 1,450 kwa jumla, na mwakilishi wa wadi huketi kwenye bunge la kaunti, likiwa na gavana aliyechaguliwa na wananchi mbele yake. Tofauti hiyo ni kubwa: kule mwakilishi anambana mtu aliyepigiwa kura, huku kwetu diwani anambana mkurugenzi aliyeteuliwa. Zanzibar nako wapo madiwani, lakini anayekutana na mwananchi kila siku zaidi ni sheha, ambaye naye huteuliwa.

Kuhusu boma letu, tulifanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kamati ya shule alipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa Oktoba. Mhandisi wa halmashauri aliombwa kwa barua, akaja akapima, akaandika gharama za mbao, bati na lipu. Mwalimu mkuu akaweka idadi ya watoto kwa kila darasa na wanaosomea chini ya mti. KAMAKA ikalipa kipaumbele cha kwanza, baada ya ubishi wa saa mbili na kijiji jirani kilichotaka nyumba ya mganga. Diwani alisoma kurasa zile barazani bila kupandisha sauti. Kwenye bajeti ya mwaka uliofuata, chini ya ukamilishaji wa maboma, jina la shule yetu lilikuwepo, na nakala ya ukurasa ule bado imebandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu.