Uliambiwa Ufunge. Ulielewa Nini?

Miezi ya karibuni dawati letu limepokea malalamiko mengi kuliko kawaida. Kuna walioahirishiwa upasuaji asubuhi ya siku yenyewe, na kuna waliorudishwa nyumbani na maabara bila kutolewa damu. Karibu wote wanasema walifuata maelekezo. Nimekaa na wengi wao, na nimeridhika kwamba wanasema kweli: waliyafuata kama walivyoyaelewa. Shida imo katika maneno tunayotumia kumtaka mtu ajizuie na jambo fulani. Kiswahili kina maneno mengi ya aina hiyo, na kila moja limebeba mzigo wake.

Mzee mmoja aliandikiwa "ufunge kuanzia usiku". Akafika mapema, ameshaoga, mfuko wa nguo mkononi. Muuguzi akamsalimu, akamuuliza kama amefunga.

"Nimefunga, mwanangu."

"Mara ya mwisho ulikula saa ngapi, mzee?"

"Daku nimekula saa kumi alfajiri. Mkate na chai ya maziwa. Nikatia nia."

Upasuaji wake ulipangwa saa mbili asubuhi. Ukaahirishwa, na mzee akakasirika sana. Mimi siwezi kumlaumu. Kwake kufunga kuna daku, kuna nia na kuna futari, na kwa maana hiyo alikuwa amefunga barabara. Sisi tulikusudia tumbo liwe tupu kufikia saa ya kuingia chumba cha upasuaji, na hilo hatukulisema.

Dawa ya usingizi hulaza pia kikohozi na uwezo wa kumeza, yaani walinzi wa njia ya hewa. Chakula kilichobaki tumboni kikipanda kooni, kinaweza kuingia kwenye mapafu, na mtu akapoteza maisha kwa sababu ya kikombe cha chai. Ndiyo maana chakula chepesi huachwa angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na chenye mafuta au nyama saa 8 au zaidi. Maziwa huhesabiwa pamoja na chakula, hata yakiwa ndani ya chai. Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama huachwa saa 4 kabla. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Hivi ni viwango vya jumla. Aliyekuandikia muda mrefu zaidi ana sababu yake, kwa hiyo fuata ulichoandikiwa.

Na ukiwa umekula, sema. Utaratibu ni huu: muuguzi huandika saa uliyokula na ulichokula, daktari wa usingizi huarifiwa, naye ndiye anayeamua kama usubiri, usogezwe nyuma kwenye orodha ya siku hiyo, au upewe tarehe nyingine. Ukipewa tarehe nyingine fomu ya ridhaa huhakikiwa upya, na baadhi ya vipimo vikishapitwa na muda hurudiwa. Hakuna adhabu zaidi ya hiyo. Anayeficha ndiye anayejiweka kwenye hatari.

Maabara mambo hugeuka. Kule "ufunge" humaanisha usile wala usinywe chochote isipokuwa maji, kwa saa 8 angalau ikiwa ni kipimo cha sukari. Watu wengi huja hawajaonja hata tone, midomo imekauka, na mishipa ya damu inatafutwa mkono huu na mkono ule. Kunywa maji! Maji hayapandishi sukari. Kinachoharibu jibu ni ile chai yenye sukari inayonywewa njiani kwa imani kwamba haihesabiwi. Kwa aliyefunga, kiwango cha 7.0 mmol/L au zaidi ni dalili ya kisukari; kwa aliyetoka kula, namba hiyohiyo inaweza kuwa ya kawaida. Kwa hiyo ukisema umefunga na hukufunga, tunaweza kukupa ugonjwa usio nao. Tena si kila kipimo kinahitaji mfungo. Malaria na Virusi vya UKIMWI hupimwa hata ukiwa umetoka mezani sasa hivi. Nimelieleza hili mara nyingi mno, na bado tunapokea watu waliojilaza njaa bure.

Kujizuia nalo lina mtego. Neno hili hukubali kwamba hamu ipo na mtu anaishikilia, kama anayebana mkojo kusubiri picha ya tumbo. Ndiyo maana "jizuie na pombe" wengine huisikia kama "jikaze, ukishindwa onja kidogo". Tukitaka usiguse kabisa, tuandike "usinywe hata kidogo mpaka tarehe fulani". Kuacha na kukoma ni mazito zaidi, na hapa naomba nieleweke vizuri. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, ukapata degedege, na baada ya siku 2 au 3 akili ikavurugika kwa namna inayoweza kuua. Aje kwanza, aache akiwa chini ya uangalizi.

Kujinyima ni kukataa kilicho haki yako. Neno zuri kwa anayeweka akiba, baya kwa mgonjwa wa kisukari. Anayechoma insulini akajinyima chakula, sukari yake hushuka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa, na ndugu wanadhani amechoka. Yeye anahitaji kula kwa kiasi na kwa wakati wake. Na mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula msimwambie amesusa. Kususa kuna hasira ndani yake, naye hana hasira na mtu.

Neno linalotupotezea muda kuliko yote ni kujiepusha, kwa sababu tunalitumia kufunika haya. Mwanamume anayepimwa mbegu huambiwa "ujiepushe na mkeo siku kadhaa". Analala chumba kingine, anatimiza wajibu wake kwa uaminifu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kujichua nako kunahesabiwa. Lugha iliyo wazi ni hii: usitoe mbegu kwa njia yoyote kwa siku 2 mpaka 7 kabla ya kipimo. Zikizidi 7 jibu haliwi bora, huharibika pia.

Fomu zetu tunazibadilisha. Neno "ufunge" tunaliondoa, mahali pake tunaandika usile nini, unywe nini, na kuanzia saa ngapi. Saa nazo zitaandikwa kwa maneno, maana "6:00" kwenye karatasi imesomwa saa sita usiku, saa kumi na mbili alfajiri, na kuna aliyeisoma saa sita mchana. Kuhusu dawa unazotumia kila siku, usijiamulie mwenyewe kuziacha. Nyingine humezwa na maji kidogo asubuhi ya upasuaji, nyingine husitishwa siku kadhaa kabla, hasa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya zile za kisukari. Uliza moja moja kwa jina lake, na majibu yaandikwe.

Yule mzee alirudi wiki mbili baadaye. Muuguzi hakumuuliza tena kama amefunga. Alimuuliza amekula nini na saa ngapi.

"Wali, saa mbili usiku. Baada ya hapo sikutia kitu mdomoni."

"Na maji?"

"Nusu glasi, saa kumi na moja alfajiri. Dawa yangu ya presha nimeinywea hayohayo, kama mlivyoniandikia."

Akaandika, akampa gauni la kuvaa.