Bamvua ni nini, na kwa nini halikosi Idd el-Fitri

Siku ya Idd el-Fitri, ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam, hujaa watu kuanzia alasiri. Mihogo ya kukaanga, mishikaki, watoto na nguo mpya. Ikikaribia saa 10 jioni, waliotandika mikeka karibu na maji huanza kuihamisha. Maji yanapanda, wanahama. Yanapanda tena, wanahama tena, mpaka mchanga unabaki ukanda mwembamba. Mwaka mmoja nilipoteza ndara nilizoziacha mahali ambapo saa 8 mchana palikuwa pakavu kabisa. Nikasema ni mkosi. Haukuwa mkosi, ilikuwa hesabu nisiyoijua: Idd el-Fitri na bamvua hufika pamoja kila mwaka.

Bamvua ni zile siku ambazo maji ya bahari hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Wengi hushika nusu ya kwanza tu, wakidhani bamvua ni maji kujaa. Kule kupwa kwa mbali, mpaka miamba na majani ya bahari yanabaki wazi, nako ni bamvua lile lile. Kinyume chake ni maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana wala hayaendi mbali. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huvuka mita 3, yaani zaidi ya kimo cha chumba kutoka sakafuni hadi dari. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1.

Chanzo ni mwezi. Mwezi huivuta dunia, na mvuto huo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Bahari iliyouelekea mwezi iko karibu nao kuliko kitovu cha dunia, basi huvutwa zaidi. Bahari ya upande wa pili iko mbali kuliko kitovu, basi huvutwa kidogo na kuachwa nyuma. Kwa hiyo maji huinuka pande mbili. Hapa ndipo wengi wetu tulipoachwa darasani: mwalimu alisema mwezi unavuta maji, tukaandika, na hakuna aliyeuliza mbona bahari hujaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja. Dunia ikijizungusha, Dar es Salaam hupitia miinuko yote miwili. Mwezi nao hausimami, kila siku umesogea mbele kidogo, ndiyo maana kutoka kujaa hadi kujaa huchukua saa 12 na dakika 25 hivi. Maji yaliyojaa leo saa 10 jioni, kesho yatachelewa. Kwa wastani kuchelewa huko ni dakika 50 kwa siku.

(Nimerahisisha. Mabara yamekaa njiani na kila bahari ina umbo lake, kwa hiyo maji hayapandi sawa kila mahali. Kwenye ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti ya kujaa na kupwa hufika hadi mita 16. Sehemu nyingi za Mediterania mtu anaweza kukaa ufukweni kutwa nzima asione kitu.)

Jua nalo huinua maji. Ni kubwa mno kuliko mwezi, ila umbali umelipunguza, na nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapokuwa mpya, na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa takriban mstari mmoja, na nguvu hizo mbili husaidiana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, moja likipunguza kazi ya mwenzake. Hayo ndiyo maji mafu. Bahari ni nzito, haiitiki papo hapo, kwa hiyo bamvua hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu.

Sasa rudi kwenye Idd. Tarehe mosi ya Mfungo Mosi (Shawwal), ndiyo Idd el-Fitri, huanza hilali ikionekana, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpya wenyewe. Ndizo siku za kilele cha bamvua. Idd el-Hajj huwa tarehe 10 ya Mfungo Tatu (Dhul-Hijja), siku chache tu baada ya mwezi kufika nusu, na hapo maji yangali mafu au ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Mtu anayefuata kalenda ya mwandamo ana jedwali la maji mkononi bila kulinunua: siku za mwanzo wa mwezi na zile za kuanzia tarehe 15 ni bamvua, na karibu na tarehe 9 na 23 ni mafu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulipenda zaidi. Kwa kuwa bamvua huja jua na mwezi wakiwa kwenye mpangilio ule ule, saa zake nazo hazihami sana. Hapa Dar bamvua hujaa karibu na saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Wanaotafuta pweza na kombe miambani huujua mpangilio huu: asubuhi ya bamvua ndiyo kazi, kwa sababu mwamba uko wazi na mwanga upo. Siku za maji mafu mwamba ule ule haufikiki kwa miguu.

Mwendo wa maji nao si wa kasi moja. Kupanda huchukua saa 6 na dakika chache. Mabaharia hugawa kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Katika bamvua la mita 3, saa mbili za katikati peke yake huleta mita 1 na nusu. Aliyesimama kwenye fungu la mchanga akapiga picha saa ya kwanza akaona maji yanatambaa polepole, asiyaamini saa ya tatu. Pale Magogoni, kwenye mlango mwembamba wa bandari, maji hayo yote lazima yapite kuingia au kutoka, na mkondo huonekana kwa macho ukiwa juu ya pantoni.

Bamvua lisichanganywe na bahari kuchafuka. Mawimbi ni kazi ya upepo, kwa sehemu kubwa kusi na kaskazi, na bamvua linaweza kuja bahari ikiwa shwari kama sinia. Mkondo mkuu wa pwani yetu nao ni habari nyingine: huelekea kaskazini mwaka mzima, ukikaza mwendo wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi, na haujali mwezi umefika wapi.

Yanapokutana ndipo penye shida. Mto Msimbazi hutokea baharini pale kwenye daraja la Selander. Mvua ya masika ikishuka wakati maji yanapwa, mto una pa kumwaga. Ikishuka bamvua limejaa, bahari imesimama mlangoni, na maji ya mto hurudi kutafuta nafasi kwenye bonde la Jangwani.