Matairi ya Theluji: Ujuzi wa Matope Usikudanganye

Kila ifikapo Oktoba, maswali kuhusu matairi huanza kumiminika kwenye dawati letu la elimu ya usalama barabarani hapa Québec, nchini Kanada. Wengi wanaouliza kwa Kiswahili ni watu waliofika wakiwa tayari madereva hodari. Huyu ameendesha lori kutoka Butembo kwenda Goma msimu wa mvua, yule amepandisha milima ya Burundi na gari limejaa watu. Si wanagenzi. Naanza na hao kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi katika kuchagua tairi la theluji halitokani na kutojua kuendesha. Linatokana na kuyajua matope.

Dereva wa matope hupenda tairi lenye kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka usoni mwake, kubwa na zilizoachana, zinazouma udongo na kuutema. Akifika dukani hapa, akaona ubavuni mwa tairi herufi M+S, akaambiwa maana yake ni matope na theluji, moyo wake hutulia. Lakini herufi hizo zinaeleza umbo la kashata tu, na mtengenezaji huzichapa bila kudaiwa jaribio lolote la kwenye theluji. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Huwa nawaambia watu wa Afrika Mashariki waikumbuke kwa Kilimanjaro: Shira, Kibo, Mawenzi. Tairi halipati mchoro huo mpaka lijaribiwe juu ya theluji iliyoshindiliwa na kuonyesha kwamba linashika kuliko tairi la kulinganishia, kwa kiwango kilichowekwa.

Sheria ya hapa inafuata mchoro huo. Kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, gari dogo lililosajiliwa Québec, ikiwemo teksi na gari la kukodi, lazima liwe na matairi ya baridi. Sharti hili lilianza mwaka 2008, na wakati huo kipindi kilianza 15 Desemba. Tangu 2019 kinaanza mapema zaidi, 1 Desemba. Tangu 15 Desemba 2014, M+S peke yake haihesabiki, isipokuwa tairi liwe na njumu za chuma, yaani vijino vifupi vya chuma vilivyopachikwa usoni mwake. Faini ni dola 200 hadi 300, gharama za ziada kando. Ndugu yako aliyeko jimbo la British Columbia akikuambia M+S inakubalika kwenye barabara za milimani za huko, hakudanganyi. Sheria zao ni zao. Ontario hawalazimishi kabisa, ila tangu 2016 kampuni za bima ya magari zinatakiwa kumpunguzia ada mwenye matairi ya baridi, kwa hiyo ukiishi huko mpigie wakala wako.

Naomba tu tarehe za sheria zisichukuliwe kuwa ndizo tarehe za theluji. Hapa huanguka Novemba, na Aprili inaweza kurudi.

Sasa, kwa nini kashata za matope hazitoshi? Nguvu ya tairi la baridi imo kwenye mpira wenyewe. Aliyekulia pwani anayajua mafuta ya nazi: mchana yanamiminika, kukipoa usiku wa Julai yanaganda chupani. Mpira wa tairi la kiangazi hauendi mbali hivyo, lakini nao hukakamaa. Mafundi huchukua nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka: chini ya hapo, tairi la kawaida linaanza kupoteza ulaini, na likifika nyuzi 20 chini ya sifuri linateleza juu ya barafu kama kiatu cha mti juu ya sakafu iliyolowa. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa kwa namna nyingine, ukiwa na silika (unga wa madini yaliyomo kwenye mchanga) na mara nyingi mpira wa asili mwingi zaidi, ili ubaki laini kwenye baridi kali.

Halafu tazama uso wake kwa karibu. Juu ya kila kashata kuna chale nyembamba nyingi, mamia kwa mamia. Tairi linapokanyaga, chale hizo hufunguka, na kila ukingo unakwaruza theluji na kufyonza ule utando wa maji ulio juu ya barafu. Na hapa ndipo theluji inapoachana kabisa na matope. Kwenye matope unataka tairi liteme kila kilichoingia. Kwenye theluji unataka libaki na kidogo ndani ya mifereji, kwa sababu theluji hushikana na theluji. Watoto wako waliokwisha kufinyanga matonge ya theluji uwanjani watakueleza. Ndiyo maana tairi kubwa la kashata pana, lile linaloonekana la kishujaa kwenye gari la kupanda milima, linaweza kushindwa na tairi jembamba la kawaida lenye chale nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo nalisisitiza kila darasa. Watu hupima tairi kwa kuuliza kama gari litaondoka. Swali linalookoa maisha ni kama litasimama. Fanya hesabu ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri, tangu breki ziume hadi gari lisimame ni kama mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mshiko ukishuka hadi robo ya ule, umbali unakuwa kama mita 50. Kwenye barafu, mshiko ukibaki sehemu ya nane, ni karibu mita 100, sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Na barafu mbaya kuliko zote si ya siku ya baridi kali; ni ile ya karibu na nyuzi sifuri, iliyolowa juu, inayofanana na lami yenye maji.

Gari linalovuta magurudumu yote manne halibadilishi hesabu hiyo. Litakutoa kwenye maegesho yaliyozikwa na theluji wakati jirani anachimba kwa koleo, na hilo humfanya mtu ajiamini. Lakini breki za gari lolote hufanya kazi kwenye magurudumu manne, na mwisho wa yote kinachoshika barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja.

Kwa sababu hiyohiyo, usifunge matairi ya baridi mawili tu. Najua bei inauma, hasa familia ikiwa bado inanunua makoti na viatu vya watoto wanne. Lakini gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likifungwa matairi ya baridi mbele tu, utakapokanyaga breki kwenye kona mbele itashika na nyuma itakuja kukupita. Gari linazunguka kama pia, na dereva wa miaka thelathini hana la kufanya. Ukifunga nyuma tu, usukani utaukata na gari litaendelea moja kwa moja. Manne, ya aina moja.

Wengi wetu mwaka wa kwanza hununua mtumba, na sioni aibu wala kosa, mradi ukague. Kwanza, ukubwa. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kimeandikwa mathalani 195/65R15: upana wa milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, ringi ya inchi 15. Pili, umri. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3821 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2021. Usipoziona upande wa nje, angalia ubavu wa ndani, mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi la baridi lililokakamaa limepoteza kile ulichokuwa unalilipia. Mimi simshauri mtu anunue mtumba uliopita miaka sita, hata kama kashata zinang'aa.

Tatu, kina cha kashata. Sheria inakubali hadi milimita 1.6, lakini kwa theluji hicho ni kipara. Tairi likikaribia milimita 4 halifai tena kwenye barabara yenye theluji. Kipimo chake ni kidude kidogo cha bei ndogo kwenye maduka ya vipuri. Nunua kimoja, uende nacho kwa muuzaji, upime pembeni na katikati, matairi yote manne. Niliwahi kumsindikiza baba mmoja aliyeelewana bei kwa simu na muuzaji. Matatu yalikuwa mazuri. La nne, lililowekwa chini ya mengine, lilikuwa na milimita 3. Bila kipimo tusingeona.

Njumu za chuma zinaruhusiwa Québec kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Zina faida kwa anayeishi vijijini, kwenye mlima wenye barafu isiyoyeyuka. Mjini Montréal, ambako chumvi humwagwa na lami mara nyingi iko wazi, zinapiga kelele na kula barabara, nami singezinunua.

Ukishafunga, usisahau upepo. Joto likishuka kwa nyuzi kama 5 au 6, tairi hupoteza karibu psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Gari lililojazwa ndani ya gereji ya nyuzi 20, likilala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi linaweza kuwa limepungukiwa psi 6 au 7. Pima kila mwezi kabla gari halijapata moto. Ukiona mshale ubavuni, hakikisha fundi ameelekeza tairi upande wa mwendo. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi ukazwe nati.

Kama mfuko unaruhusu, nunua ringi nne za chuma za ziada, matairi ya baridi yakae humo moja kwa moja. Kila badiliko linakuwa rahisi, na mpira hausumbuliwi kwa kutolewa kwenye ringi mara mbili kwa mwaka. Yatoe theluji ikiisha kabisa, maana mpira laini huisha haraka kwenye lami ya moto. Na weka miadi na fundi mapema Oktoba. Katikati ya Novemba, theluji ya kwanza ikishaanguka, utaambiwa nafasi iliyobaki ni ya wiki mbili zijazo, na kazini unatakiwa kesho.