Gari la Shemeji, Bima ya Nani? Dhana Potofu Kuhusu Kuendesha Gari la Kuazima

Msimu wa korosho unapoanza, mnamo mwezi wa Oktoba, magari ya Mtwara na Lindi huazimwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Pikapu ya kaka inakwenda Tandahimba kusomba magunia, Noah ya shemeji inapeleka wageni wa harusi Masasi, na gari la jirani wa Shangani linaamshwa usiku wa manane kumwahisha mgonjwa Ligula. Ufunguo hutolewa kwa neno moja tu, na anayeupokea akiuliza chochote, huuliza mafuta. Bima haiulizwi, kwa kuwa kila upande una imani yake kuhusu bima hiyo, na mara nyingi imani zote mbili hazimo katika hati.

Imani iliyoenea zaidi ni ya mwenye gari lake mwenyewe anayesema kwamba, kwa kuwa amekata bima kubwa, ile inayogharamia hata uharibifu wa gari lenyewe, amekingwa popote atakaposhika usukani. Ukweli ni kwamba bima ya gari nchini Tanzania hukatiwa gari, na ndiyo maana hati yake hubeba namba ya usajili. Ikiwa gari lako limeegeshwa Chikongola nawe uko Newala na gari la mtu mwingine, bima yako kubwa inalilinda lile lililoegeshwa. Ipo mikataba ya magari binafsi yenye kifungu kinachomruhusu mwenye bima kuendesha gari lisilo lake, na wanaokifahamu hukitaja kwa kujiamini sana. Lakini kifungu hicho, pale kilipo, kwa kawaida hugharamia madhara utakayowasababishia watu wengine, wala hakinyooshi bodi ya gari uliloazima. Bamba la shemeji likipinda, litatengenezwa kwa bima yake ikiwa ni kubwa, la sivyo kwa mfuko wako.

Upande wa pili kuna dhana iliyo kinyume kabisa, kwamba kwa kuwa bima imeandikwa jina la mwenye gari, mtu mwingine akiliendesha bima hiyo inakufa. Hapa inafaa kuitazama hati yenyewe. Mwaka jana niliazima pikapu ya shemeji kwenda Mnazi Mmoja, na kabla ya kuondoka nikafungua dashibodi nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la grisi pembeni. Baada ya jina, namba ya gari na tarehe za kuanza na kuisha, kulikuwa na sehemu mbili zilizochapwa kwa herufi ndogo: moja inaeleza nani anaruhusiwa kuendesha, nyingine inaeleza gari litumike kwa kazi gani. Sehemu ya kwanza ilimtaja mwenye bima pamoja na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi awe na leseni ya kuendesha gari la aina hiyo. Kwa maneno hayo nilikuwa ndani ya bima ya shemeji, ingawa jina langu halikuonekana popote. Si kila hati iko hivyo, kwani zipo zinazowataja madereva kwa majina na kumwacha nje mwingine yeyote, hasa za magari ya ofisi. Kwa maoni yangu, dakika mbili za kusoma sehemu hizo zina faida kuliko maelezo yote ya kijiweni.

Sharti la leseni ndilo linalowaumiza wengi. Kijana anayejua kuendesha vizuri, lakini leseni yake imeisha muda au ni ya pikipiki tu, hapati kinga hata kama mjomba amempa ufunguo kwa moyo mweupe. Ruhusa ya mjomba haiwezi kuziba pengo la leseni. Hata aliye na leseni halali, ikiwa umri wake ni mdogo au ameipata karibuni, huenda mkataba ukataka mwenye bima achangie kiasi kikubwa zaidi katika kila dai, na kiasi hicho ni vyema mkakubaliana mapema nani atakitoa.

Ile sehemu ya pili, ya matumizi, ndiyo hasa ya msimu wa korosho. Wengi wanaamini kwamba gari likishakuwa na bima hai, linaweza kubeba chochote. Pikapu iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikibeba magunia yako kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, hilo ni jambo moja. Ikibeba magunia ya majirani kwa malipo, imekuwa gari la biashara, na kampuni ina sababu ya kukataa dai. Vivyo hivyo Noah ya nyumbani inayookota abiria wa nauli njiani. Wapo pia wanaodhani kwamba bima yao inavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala bila neno, ilhali mkataba hutaja eneo la kijiografia, na anayeingia Msumbiji anahitaji kinga inayotambulika huko.

Kuhusu bima ndogo, ile ya lazima kisheria, wanaoazima hudhani inawalipa na wao. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kinga dhidi ya vifo na majeraha ya watu wengine, na dereva aliye kwenye usukani si mmoja wa hao watu wengine. Akivunjika mguu, bima hiyo haimtibu. Gari likipinduka, hailitengenezi. Sheria hiyo hiyo inamgusa mwenye gari asiyekuwepo, kwani kumruhusu mtu aendeshe gari lisilo na bima ni kosa sawa na kuliendesha mwenyewe. Kwa hiyo uhai wa bima uhakikiwe kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unaofunguka kwenye simu.

Kuna na gari lililonunuliwa ambalo kadi bado inasoma jina la muuzaji. Mnunuzi huliona kama gari la kuazima lenye bima ya bure hadi tarehe iishe. Sivyo: aliyeuza hana tena maslahi katika gari hilo, na bima haihami pamoja na ufunguo mpaka kampuni iarifiwe na ikubali.

Dhana ya mwisho huzaliwa papo hapo barabarani, vioo vikiwa bado vimetapakaa: kwamba ni salama zaidi kusema mwenye gari ndiye aliyekuwa akiendesha. Mwenye gari anapigiwa simu, anakuja kwa bodaboda, anasimama kando ya gari kana kwamba ndiye aliyeshuka. Maelezo hayo yataandikwa polisi, yatajazwa katika fomu ya madai, na mpelelezi wa kampuni atamuuliza muuza mihogo aliyeshuhudia kila kitu. Dai ambalo pengine lingelipwa, kwa kuwa aliyeazima alikuwa na ruhusa na leseni, linakataliwa kwa sababu ya uongo ambao haukuhitajika.