Je, wajua kilichoua maduka ya kukodi mikanda ya video?

Wengi watakujibu ni intaneti. Kwa Marekani jibu hilo lina ukweli wake, lakini kwa Unguja na Pemba halifai kabisa. Huku kwetu maduka ya mikanda yalikuwa yameshafunga milango zamani, kabla ya mtu kuweza kutizama picha nzima kwenye simu bila bando kumkatikia njiani. Aliyeyaua ni mwengine, na silaha yake ilikuwa bei.

Tuanze na hesabu ya biashara yenyewe. Mwaka 1977 George Atkinson alianza kukodisha filamu katika duka lake Los Angeles. Kununua mkanda mmoja wakati ule kulihitaji kama dola 50. Yeye akawatoza watu dola 50 za uanachama kwa mwaka, kisha dola 10 kwa kila mkanda kwa siku. Duka la kukodisha huishi kwa tofauti hiyo, kati ya bei ya kumiliki kitu na bei ya kulala nacho usiku mmoja. Tofauti ikiwa kubwa, duka hujaa watu. Wajapani walikodi hata sidii za muziki, kwa sababu albamu moja kwao iliuzwa karibu yen 3,000 na kuikodi ni yen mia chache tu. Ndiyo maana maduka kama Tsutaya, lililoanzishwa 1983, yalidumu wakati ya kwengineko yanazikwa.

Zanzibar tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Watu walikwishazoea kutizama: Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Bara walisubiri hadi 1994. Mjini palikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, na Pemba nako Wete na Chake Chake walikuwa na sinema zao. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, deki zikaanza kuingia, nyingi zikiletwa na jamaa wa Dubai na Maskati. Mwenye deki alikuwa mtu wa kutembelewa. Lakini hata yeye hakuwa na uwezo wa kununua mkanda kila wiki, basi akawa anakodi. Na alichokodi zaidi ni picha la Kihindi, saa tatu, nyimbo na machozi, nyumba nzima ukumbini na majirani dirishani.

Hapa ndipo huduma kwa mteja inapotofautiana. Blockbuster, kampuni ya Marekani ya kukodisha mikanda iliyoanzishwa Dallas mwaka 1985, iliendesha kazi kwa kadi, kompyuta na faini. Mwaka 2000 faini za kuchelewesha ziliiingizia karibu dola milioni 800, na kila mteja aliyetozwa alitoka na kinyongo. Reed Hastings alikuwa akisimulia kwamba alibuni Netflix, kampuni iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa posta, baada ya kupigwa faini ya dola 40. Mwenziwe Marc Randolph amesema sivyo ilivyokuwa, ila watu waliipokea hadithi ile kwa sababu kila mmoja alikuwa na faini yake ya kusimulia.

Muuza duka wa Zanzibar alikuwa na daftari la skuli na swali moja: "Mtoto wa nani wewe?" Ukitaja baba na mtaa, umeshaweka dhamana. Ukichelewesha, hakukupigia hesabu ya siku. Alimngoja mama yako apite: "Shikamoo bi mkubwa. Kijana wako bado ana mkanda wangu." Jioni ile ile mkanda ulirudi, na mara nyingine umerudishwa mwanzo kabisa, jambo ambalo kwa kawaida hakuna aliyejisumbua kulifanya.

Ukienda Dar es Salaam ungeombwa kitambulisho au amana ya pesa. Sisi watu wa visiwani hupenda kusema hayo ni ukali wa watu wa Bara. Mimi sikubaliani. Mji ule umejaa wageni wa kila mkoa, na mwenye duka hana mama wa kumshitakia. Nao ustaarabu wetu ulikuwa na upande wake mchungu: mkanda mpya ulifichwa chini ya kaunta kwa ajili ya jamaa, duka lilifungwa wakati wowote mwenyewe alipotaka, na mwenyewe ndiye aliyeamua kijana gani apewe picha gani. Aliyetoka shamba, asiyejulikana baba yake pale mtaani, alirudi mikono mitupu.

Pemba ilikuwa na lake. Hadi 2010, ulipofika waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kilitegemea mashine za dizeli za Wesha, na vijiji vingi havikuwa na umeme. Kwa hiyo aliyekodi mkanda mara nyingi alikuwa mwenye jenereta, akaonesha uwanjani kwa kiingilio kidogo. Mteja mmoja, watizamaji kijiji kizima.

Kisha zikaja sidii za video. Diski moja hubeba kama dakika 80 tu, hivyo picha la Kihindi likagawika diski tatu. Ilikuwa kero, lakini kero ya bei nafuu. Zikafuata DVD za kunakiliwa zenye filamu kumi ndani ya moja. Hapo ile tofauti ya bei ikafutika. Kama kununua kunakaribia kukodi, nani arudishe? Na kama hakuna cha kurudisha, hakuna haja ya kuulizana mtoto wa nani. Muuzaji akawa kijana wa mezani Darajani, mteja akawa mpita njia. Mikanda iliyobaki rafuni ikaota ukungu kwa unyevu wa pwani. Unguja ikakosa umeme karibu mwezi mzima mwaka 2008, halafu tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Duka lililokuwa likiyumba halikuhitaji pigo jengine.

Baada ya hapo ni flashi. Kijana wa kompyuta anakuuliza unataka za Kikorea, za Kituruki au zilizotafsiriwa kwa sauti kama alivyokuwa akifanya Lufufu, yule msimuliaji maarufu wa filamu, anakujazia, unaondoka. Mwenye filamu hapati kitu, kama ambavyo hakupata enzi za nakala za mikanda.

Blockbuster ilikuwa na maduka kama 9,000 mwaka 2004, ikafilisika 2010. Limebaki moja, Bend, Oregon. Netflix nayo iliacha kupeleka DVD kwa posta Septemba 2023.

Mikanda ya filamu haina hasara, filamu zenyewe zipo kwengine. Ya harusi ndiyo shida, maana hiyo nakala yake ni ile moja iliyomo kabatini kwa bibi. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki, kilisimamisha kazi Julai 2016, na mafundi wenye deki nzima wanazidi kupungua. Mwenye mkanda wa harusi ya wazee wake aupeleke studio ukahamishiwe kwenye flashi mwaka huu, kabla ukungu haujafika kwenye utepe.