Je, wajua kwa nini mpako wa kuua bakteria hujaribiwa kwenye vitasa vya milango ya watu?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watafiti wanaowagawia raia wa kawaida vipande vya mpako wa kuua bakteria, wavibandike kwenye vitasa vya milango yao, wanatafuta vibarua wa bure tu, kwa kuwa jibu lenyewe limekwisha kupatikana maabara. Nilikosea, na kosa langu lilianzia kwenye ile ahadi ya kuua "asilimia 99.9" ya bakteria inayoandikwa juu ya vifungashio.

Takwimu ya aina hiyo mara nyingi hutokana na kipimo cha kimataifa cha maabara kiitwacho ISO 22196, ambapo maji yenye bakteria hudondoshwa juu ya mpako, yakafunikwa kwa karatasi laini ya plastiki na kuachwa saa 24 katika nyuzijoto 35 za selisiasi na unyevu wa hewa usiopungua asilimia 90. Sijawahi kukutana na kitasa kinachoishi maisha hayo.

Unyevu huo ndio kiini cha mambo. Mipako mingi hutumia madini ya fedha, nayo fedha huua hasa kwa kuachia ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ambazo huhitaji maji ili zimfikie bakteria. Punje ya chumvi juu ya ulimi uliokauka haina ladha mpaka mate yaiyeyushe; kitasa kikavu ni ulimi usio na mate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyenzo yenye fedha, iliyowaangamiza bakteria wa MRSA, walio sugu kwa dawa nyingi, katika joto na unyevu mwingi, haikuwa na athari ya maana katika hali ya kawaida ya chumba, ilhali aloi za shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, ziliendelea kuua. Tena mafuta ya viganja hutanda juu ya mpako, na bakteria aliyetua juu ya mafuta hayo ni kama mtu aliyevaa viatu akipita kwenye miiba.

Kinachotafutwa kwa raia, basi, ni uchafu halisi wa mikono yao. Katika jaribio lililopangwa vizuri, mshiriki hupewa vipande viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa hakina mpako, asijue kipi ni kipi, asije akakipangusa zaidi kile anachokiamini. Baadaye hupitisha juu ya kila kipande kijiti chenye pamba iliyoloweshwa, akikizungusha polepole, na vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye sahani ya agari, rojo la kukuzia bakteria, huhesabiwa. Hesabu hiyo nayo isomwe kwa tahadhari: pamba haiwazoi bakteria wote, wengi wao hawaoti kwenye agari, na kila mkono hukandamiza kijiti kwa nguvu yake. Kwa hiyo nyumba moja haithibitishi lolote. Huhitajika vitasa vingi mno ndipo tofauti ya mpako ijitenge na tofauti za mikono.