Maumivu ya shina la dole gumba: upasuaji wa matundu madogo unamfaa nani?

Akina mama wengi wa miaka 50 kwenda juu wanakuja wanasema dole gumba linawauma pale chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono, ukikamua nguo linauma, ukifungua kifuniko cha chupa linauma, ukizungusha ufunguo ndo kabisa, na nyumbani wameshaambiwa ni baridi tu. Mara nyingi siyo baridi, ni jointi imesagika, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika na mfupa unagusana na mfupa. Kijointi chenyewe kidogo ila mzigo wake mzito, ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1 tu, pale chini panabeba kama kilo 12.

Sasa siku hizi watu wanaulizia upasuaji wa matundu madogo. Daktari anatoboa vitundu viwili vya milimita chache, kimoja kinapita kamera nyembamba ya kama milimita 2, kingine kifaa cha kusafishia, anatoa utando uliovimba na gegedu iliyochakaa, akiona inafaa anasaga na sehemu ya mfupa uitwao trapeziamu, ule mdogo unaobeba gumba pale chini. Ngozi haichanwi sana na kano zinazoshikilia jointi zinaguswa kidogo. Lakini jamani, kidonda kidogo hakimaanishi operesheni ndogo! Ateri na neva za ngozi zinapita hapohapo, bado utavaa splinti, yaani kifaa cha kushikilia gumba lisicheze, wiki kadhaa na nguvu ya kubana inarudi kwa miezi.

Halafu siyo ya kila mtu. Kama usagikaji umeshaingia mpaka jointi ya jirani, chini ya trapeziamu, kusafisha hakutoshi, hapo ni kutoa trapeziamu yote, njia iliyoelezwa Uingereza tangu 1949 na mpaka leo njia mpya hazijaonesha wazi kwamba zinaizidi, kwa hiyo ukiambiwa operesheni ya zamani usione umedharauliwa.

Na kabla ya kisu chochote jaribu splinti, mazoezi ya fizio, jeli ya kupaka ya diklofenaki, pengine sindano ya stiroidi ya kutuliza uvimbe, wengi wanaishia hapo wakapata nafuu.

Kama vidole vinakufa ganzi usiku mwambie daktari mapema, huenda kuna neva imebanwa kwenye kifundo pia, na hiyo operesheni ya gumba peke yake haiigusi.